Shafti Mbili za Pikapu Nyeupe

Mgeni aliingia dukani saa mbili asubuhi, kaunta ikiwa bado haijafutwa vumbi. Ovaroli yake ilikuwa imelowa oili hadi magotini. Begani alibeba kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye gunia.

Hakusalimia. Alikilaza juu ya kaunta na kukifunua.

Shafti ya ekseli ya nyuma.

"Dada, hebu nionyeshe hii imevunjika wapi."

Mwanamke wa kaunta aliipitishia kidole, toka kichwani hadi kwenye meno. Kwa miaka kumi na moja mtaa ulimjua kama muuza spea. Ofisi moja isiyo na kibao mlangoni ilimjua kama Saba.

"Haijavunjika popote, fundi."

"Ndiyo hapo! Na ya pili iko vilevile, nzima. Nimeziokota kwenye chuma chakavu changu leo. Jana kuna watu walikodi shimo langu la kukagulia magari, wakanitoa nje kama mbuzi kwenye shamba la mahindi. Nikawasikia ukutani. Vichupa. Bwawa. Mji mzima utakunywa. Polisi nimepita. Wamenicheka. Nikakumbuka wewe wiki nzima unaulizia yale magari manne meupe."

Saba alibonyeza kitufe chini ya kaunta. Mlango wa chuma ukajifunga.

Siku sita alikuwa akivitafuta vile vichupa vya sumu. Alikuwa amekagua kwa siri matangi ya magari hayo, viti, hata matairi ya akiba.

"Prado moja," alisema. "Defender moja. Land Cruiser pikapu mbili. Lipi?"

Macho ya fundi yaling'aa. Hapa alikuwa kwake.

"Prado toa. Kule nyuma shafti ndiyo inayobeba gurudumu. Ichomoe, na tairi linatoka nayo. Defender na pikapu ni jamii nyingine: uzito unabebwa na bomba la nje, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Chomoa zote mbili, gari linasimama vizuri na linatembea kwa magurudumu ya mbele. Na bomba linabaki tupu. Unapanga humo unachotaka."

"Bolti sita," Saba alisema, akigusa ncha ya shafti.

"Sita. Defender zingekuwa tano. Ni pikapu, dada. Ila zipo mbili, na zinafanana kama mapacha."

Saba alikuwa ameshapiga simu.

"Mzigo umo ndani ya ekseli."

"Gari lipi?" Mkuu wa ile ofisi aliuliza.

"Moja kati ya mawili."

"Wameondoka. Kikosi kipo nyuma mno. Uko peke yako, Saba. Utaweza kusimamisha gari moja tu."

"Kuna mwinuko wa kokoto kabla ya bwawa. Litajionyesha lenyewe."

Fundi alikataa kubaki.

Saa sita walikuwa wamelala kifudifudi nyuma ya jiwe. Saba alishika darubini ya Zeiss. Bastola ya Glock ilikuwa kiunoni.

"Mama yangu redio haizimi," fundi alisema ghafla. "Likinikuta la kunikuta, asiambiwe na redio. Aambiwe na mtu."

"Halitakukuta."

"Sikuuliza hilo."

Saba alishusha darubini. "Nitamwambia mimi. Kwa mdomo wangu."

"Haya. Nimeridhika."

Vumbi.

Prado ilipanda kwanza, kila gurudumu la mbele likikanyaga jiwe lake bila kumsumbua mwenzake. Defender ikafuata, ekseli zake zikiinama kulia na kushoto kama mabega ya mtu aliyebeba ndoo. Pikapu ya kwanza ikapanda. Magurudumu manne, yote yakirusha kokoto.

Pikapu ya pili ilifika katikati, ikakwama.

Magurudumu ya mbele yalichimba. Ya nyuma yalikuwa yamekufa ganzi.

"Ndiyo hiyo," fundi alinong'ona.

Yale magari matatu yalikuwa yamevuka kilele. Saba alishuka mbio. Mlinzi aliruka chini na bunduki. Glock ililia mara mbili. Mlinzi akaanguka.

Dereva aliachia pedali ya mafuta ili aingize gia ya nguvu. Sekunde tatu. Nne.

Fundi alimpita Saba kama mshale.

"Rudi!"

Hakurudi. Alipiga magoti kwenye gurudumu la mbele, akakamata loki iliyo katikati yake, ile inayoliunganisha na injini, akaizungusha kwa mkono mtupu hadi ikaachia. Injini ikanguruma. Gari halikusogea hata inchi. Gurudumu moja likiachiwa, nguvu yote inakimbilia upande huo na kupotea.

Dereva alipiga risasi kupitia mlango.

Saba alipiga moja, kupitia kioo.

Kimya.

Vichupa vilikuwa salama ndani ya bomba, ishirini na vinne. Fundi alikuwa ameegemea tairi, mkono wake bado kwenye loki. Saba alimwita. Alimwita tena.

Alituma ofisini ujumbe wa maneno manne: vichupa vipo, fundi hayupo. Simu ililia.

"Wengine wamekamatwa darajani," Mkuu alisema. "Kazi safi. Taarifa itasomwa redioni saa kumi."

"Isogezeni mbele."

"Imeshatoka mikononi mwangu. Na najua unawaza nini. Nyumba ya huyo fundi inaangaliwa na watu wao. Wakipata picha yako, miaka kumi na moja imekwisha. Hakuna duka, hakuna Saba. Tutamtuma mtu kwa mama yake kesho."

"Kesho atakuwa ameshasikia."

"Saba, hiyo ni amri."

Alikata simu.

Saa tisa na dakika hamsini aliingia kwenye uchochoro wenye kuta za rangi ya bluu iliyobabuka. Upande wa pili, mwanamume aliyekaa kwenye pikipiki aliinua simu yake taratibu, kamera mbele. Saba alimwona. Hakuharakisha wala kuficha uso.

Alivua kofia, akagonga.

Mama mfupi alifungua, mikono imejaa povu la sabuni. Nyuma yake redio ilikuwa ikiimba.

"Karibu, mwanangu. Unamtafuta fundi? Hajarudi."

"Nimetoka kwake, mama," Saba alisema. "Naomba tuzime redio kwanza."