Mtani wa Mguu Mmoja

Tui lilinuka tope.

Halikuwa limechacha. Tui lililochacha Vasiti angelitambua hata akiwa na mafua, maana amekamua nazi miaka ishirini na saba na vidole vyake vimekuwa na akili kuliko baadhi ya wateja wake. Hili lilikuwa jeupe, zito, limetoka kwenye kifumbu sasa hivi, na lilinuka mikoko ya pwani ya Lami maji yakishakupwa.

"Shemeji," alimwambia Isoa, mpishi wake, "umenawa?"

"Nimenawa hadi kwenye kiwiko. Unataka nijichemshe?"

Wakalimwaga. Wakakamua jingine. Tope tupu.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jumamosi mkahawa wa Kwa Vasiti ulikuwa ufunguliwe upya mjini Suva, ghorofa ya pili, karibu na soko, penye vigae vyeupe na kipoza hewa kinachokohoa kama shemasi. Kibanda cha zamani, kile cha juu ya nguzo kule Lami, kilibomolewa wiki iliyopita. Hapakuwa na pa kurudi. Na mwenye jengo alishasema bila kutafuna maneno: Jumamosi ikipita mlango umefungwa, nafasi anapewa muuza kuku wa kukaanga. Sasa mkahawa gani wa samaki Fiji nzima utafunguliwa bila tui? Kokoda bila tui ni samaki mbichi aliyelowa ndimu. Kaa bila tui ni mawe.

Alhamisi adhuhuri umeme ulikatika. Mvua ilikuwa inapiga mabati, Isoa anasugua sufuria, Vasiti anapanga vikombe, na ndipo wakasikia makofi. Si makofi ya kushangilia. Ni yale ya viganja vilivyokunjwa kama bakuli, yenye sauti ya shimo, anayopiga mwenye nyumba akipokea kava, mzizi wa kinywaji ambao mgeni huja nao kuomba ruhusa.

Pu. Pu. Pu.

Yalitoka ndani ya chumba cha baridi.

"Ni barafu inapasuka," Isoa alinong'ona.

"Barafu inajua kuhesabu hadi tatu?"

Vasiti alishika mpini wa mlango ule wa chuma, ukiwa baridi kuliko unavyopaswa kuwa umeme ukiwa umekatika, akauvuta, na harufu ya tope ikamjia usoni kama pumzi ya mtu aliyekuwa amesimama pale karibu kabisa akisubiri afunguliwe, na sakafuni, kuanzia kwenye makreti ya kaa hadi mahali zilipokuwa ncha za viatu vyake, kulikuwa na nyayo zenye maji, mbichi, za mguu wa kulia, kisha wa kulia, kisha wa kulia tena, na kando ya kila unyayo alama ya duara, ndogo kama kifuniko cha soda.

Alama ya mkongojo.

"Apenisa," alisema Vasiti.

Apenisa alikuwa mvuvi wa kisiwa cha Kadavu aliyemletea kaa toka siku ya kwanza. Kisukari kilimla mguu wa kushoto, kisha mwaka jana kikammalizia na vilivyobaki. Kiti chake kule kibandani kilikuwa cha buluu, dirishani, na alikuwa akifyonza gando la kaa kwa kelele hadi wateja wa meza ya tatu wanaomba kuhamishwa. Kijiji chake na kijiji cha Vasiti ni watani toka enzi za mababu. Yeye alimwita Vasiti mla mihogo wa milimani. Vasiti alimwita gogo la mkokoni. Hata msibani kwake Vasiti aliliambia jeneza lisogee, linaziba njia ya chakula, na wafiwa wakacheka hadi wakalia upya.

Ijumaa asubuhi alikwenda kumchukua Lusiana, dada wa marehemu. Bibi huyo alifika kwenye ngazi za mkahawa akagoma kuvuka kizingiti.

"Wewe mla mihogo," alisema taratibu, "mlipohama Lami, mliaga?"

Vasiti akatazama viatu vyake.

"Hamkupeleka kava? Hamkukaa chini mkaomba ruhusa ya kuondoka?"

"Nilikitania kiti chake."

"Ulikiambia nini?"

"Nilimwambia... baki na kaa wenzio. Ukitaka mchuzi, njoo kwa miguu yako."

Isoa alijifunika uso kwa kitambaa cha vyombo.

"Mtu mwenye mguu mmoja," alisema Lusiana. "Na mtani hakatai neno la mtani. Ametembea kutoka Lami, mwanangu. Kibanda kimevunjwa, mtamuaga hapa hapa. Isoa, chukua kava uombe ruhusa ya kuondoka. Hiyo tu, basi. Akipiga makofi, amewaachia."

Wakaketi sakafuni karibu na mlango, wameelekea chumba cha baridi, mzizi wa kava mbele yao umefungwa gazetini. Isoa aliushika kwa mikono miwili. Huyu ndiye msemaji wa ukoo. Wiki nzima alikuwa akiwazungukia wenye ardhi na majirani wapya na kava mkononi, akirudia maneno yale yale ya kuomba kuingia, na ulimi wake ulikuwa umeshachimba mfereji.

"Tumekuja kwa unyenyekevu," alianza, jasho likimtiririka, na chumbani kitu kikasogea, hatua, mkongojo, hatua, hadi nyuma ya mlango, na Isoa akafumba macho na kuharakisha kama mtu anayekimbia mteremko, "tunaleta kava hii ndogo, tunaomba mlango, tunaomba mtupokee, tunaomba ruhusa ya kuingia katika nyumba yenu—"

"Shemeji!"

Pu. Pu. Pu.

Kisha mvua tu.

"Amepokea," alisema Lusiana kule ngazini, akishuka kinyumenyume.

"Amepokea nini, Bibi?"

"Mlichoomba. Nyumba ni yake. Ninyi ndio wageni."

Jumamosi tui lilitoka tamu ajabu. Foleni ilifika barabarani. Watu walilamba bakuli, wakasema Vasiti hajawahi kupika hivi, na muuza kuku alikuja mwenyewe akala sahani mbili. Hakuna aliyeuliza kiti cha buluu dirishani, kilichoachwa Lami, kimefikaje, wala kwa nini kinadondosha maji.

Saa kumi jioni wateja waliisha. Vasiti alichukua mkoba, akafika mlangoni, miguu ikakataa. Mgeni haondoki hivi hivi. Akarudi, akaketi kwenye vigae kando ya Isoa, ambaye alikuwa ameshaketi pale kitambo, mkoba wa chakula chake mapajani.

"Tunaomba ruhusa ya kwenda nyumbani," alisema Vasiti.

Wakasubiri makofi matatu.

Kutoka chumba cha baridi ikaja sauti ya mtu anayefyonza gando la kaa, taratibu, asiye na haraka yoyote.