Kikombe cha Maganda

Larysa Hnatiuk alimwona kwa mara ya kwanza sokoni Forks, katikati ya Winnipeg, saa ya chakula cha mchana, watu wamebanana na makoti yao mazito. Kiti kilibaki kimoja tu. Mbele yake alikaa kijana mrefu mwenye sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko, anatafuna mbegu za alizeti na kutemea maganda kwenye kikombe cha kahawa, tena ubavuni mwa kompyuta.

"Unataka kukaa?" kijana akauliza.

"Nataka kutapika. Ila nitakaa."

Ndivyo alivyompata Dietrich Penner. Kumbe wote wawili walikuwa watengenezaji wa programu za simu, na mwaka haukuisha wakawa wanatengeneza moja pamoja, ya wazee: kitufe kimoja kikubwa chekundu, bibi akianguka anabonyeza, simu inampigia mwanawe. Kikombe nacho kilihamia mezani kwa Larysa. Dietrich alipomwomba wafunge ndoa, alijibiwa asubiri, kwanza waionyeshe kazi kwenye nyumba ya wazee.

Asubuhi ya maonyesho walifanya marekebisho ya mwisho wakipokezana kibodi moja, kama kawaida yao. Mbele ya mkuu wa nyumba ile, programu ikagoma hata kuwaka. Mkuu yule, mama wa makamo, aliwatazama wanavyohangaika, akasema warudi Jumatatu.

Kwenye maegesho Larysa hakungoja.

"Ni wewe. Unabonyeza kama unavyotema, bila kuangalia."

"Tulikuwa tunapokezana, Lara."

"Mimi huwa nasoma."

"Na mimi sijui kusoma?"

"Unanitia kinyaa, Dietrich. Mate, maganda, kazi yako, yote."

Dietrich alichukua kikombe chake garini, akaondoka kwa miguu kwenye theluji.

Nyumbani Larysa alifungua kazi. Kila kitufe kina msikilizaji wake, kipande cha programu kinachongoja kidole. Wasikilizaji wako wawili wa jina moja: mmoja wa vitufe vya ukurasani, mwingine wa vidirisha vinavyochomoza. Mwanzoni mwa faili unataja, kwa mstari mmoja, umemleta yupi. Aliyeletwa alikuwa wa vidirisha, sawa na kumwita fundi bomba aje kumnyoa bwana harusi.

Aliufuta mstari ule kwa hasira. Kompyuta ikatoa orodha ya mapendekezo, na vidole vyake, kwa mazoea, vikabonyeza la kwanza. Wa vidirisha tena.

Aliitazama mikono yake. Nyani haoni kundule. Kinyaa alichomtupia mwenzake kikampanda kooni yeye mwenyewe, kichungu. Alifuta upya, akaisoma orodha mpaka chini, akamchagua wa vitufe. Programu ikawaka. Akabonyeza kitufe chekundu, na simu ikaita namba waliyoiweka ya majaribio, ya Dietrich.

"Umeanguka?" Dietrich akauliza.

"Nimeanguka."

Larysa akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Kosa sijui lilikuwa la nani asubuhi. Ila sasa hivi nimelirudia mwenyewe, peke yangu, macho yakiwa wazi. Nisamehe. Nimejichukia."

Kule upande wa pili kikasikika kitu kidogo kikidondoka.

"Unatema?"

"Natema."

"Mungu wangu. Uchafu gani huu."

"Lara, na mimi ulinichagua hivyo hivyo? Kwa sababu kiti kilikuwa kimoja?"

Larysa alitamani kumdanganya, akashindwa.

"Siku ile, ndiyo. Leo nimekusoma mpaka chini, maganda na yote, na bado unanitia kinyaa. Lile swali lako la ndoa, jibu ni ndiyo."



"Nakuja," Dietrich akasema.

"Kikombe kitabaki nje kwenye theluji."

"Na mimi?"

"Wewe ingia. Usukutue kwanza."