Damu Isiyotakiwa Kupimwa

"Kiota kwa Tai. Sanduku limepita Dadaab, linaelekea Liboi. Lisivuke mpaka. Ovaa."

"Nimekupata, Kiota."

Diriye Kulow alitupa kipaza sauti cha redio kitini na kukanyaga mafuta. Land Cruiser iliruka shimo, ikatua, ikazidi kunguruma. Mbele yake palikuwa na vumbi jekundu tu.

Ndani ya vumbi hilo, Land Rover nyeupe.

Mwaka huo wa 1998, mvua kubwa zilikuwa zimeacha maradhi na mizoga ya mifugo kila upande. Profesa Anton Reiss, mtafiti kutoka Ulaya, alidai amepata chanjo ya maradhi hayo. Aliandika makala na kuipeleka kwenye jarida la kisayansi ng'ambo. Ikichapishwa, chanjo yake ingedungwa mifugo ya mkoa mzima.

Lakini jarida lilikuwa na desturi ya kuwapa wahakiki makala kwa siri, bila kuwataja majina. Mhakiki mmoja alikuwa Yurub Kerrow, daktari wa mifugo mjini Garissa. Alijibu kwa ufupi: isichapishwe mpaka damu ya mbuzi waliochanjwa ipimwe upya.

Jibu hilo lilipomfikia Reiss, alijua limetoka kwa nani.

Asubuhi, kabla ya mbio hizi, Diriye alikuwa amevunja mlango wa chumba baridi cha maabara ya Garissa na kumkuta Yurub amefungiwa humo, anatetemeka, midomo haina rangi. Sanduku la damu ya mbuzi wale, Reiss alikuwa ameondoka nalo.

"Sikuandika jina langu," alisema. "Amejuaje?"

"Abaayo, dada yangu, huku nani mwingine angejua kazi hiyo?"

"Hakuna." Alijikunyata ndani ya koti la Diriye. "Nimepiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hakuna hata aliyejua nimo."

Diriye alimfunga vifungo vya koti. Alimkabidhi kwa askari wa lango na kuondoka mbio.

Sasa, barabarani, risasi ilipasua kioo cha mbele cha Land Cruiser.

Akainama. Land Rover iliacha barabara ghafla na kuzama vichakani. Diriye akaifuata, miiba ikikwaruza milango. Vichaka vikaisha. Mbele palikuwa na uwanda mkavu, na hapo ndege ndogo aina ya Cessna imesimama, pangaboi lake tayari linazunguka.

Alishika breki, akajirusha nje, akaviringika. Mlinzi wa Reiss alinyanyua bunduki tena.

Bastola ya Diriye, Browning, ililia mara moja. Mlinzi akaangusha silaha, akashika bega na kupiga magoti. Risasi ya pili ikatoboa gurudumu la ndege. Rubani akazima injini na kuinua mikono.

Reiss alisimama juani amekumbatia sanduku. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Weka chini, Profesa."

"Unajua chuo changu huniuliza nini? Hawaniulizi nimeponya nini. Wanauliza nimechapisha nini. Bila makala hii, sina kazi."

"Na mbuzi wa watu?"

Reiss alifungua kifuniko na kumwaga barafu yote mchangani.

Diriye alimfikia kwa hatua chache, akampiga ngumi moja na kudaka sanduku. Chupa zilikuwa salama, lakini jua lilikuwa kali. Damu ikioza, hakutakuwa na cha kupima. Aliwafunga pingu wote watatu kwenye Land Rover, akafunga bega la mlinzi, akawaita polisi wa Liboi kwa redio. Kisha akageuza gari kurudi nyuma hadi kambi ya wakimbizi ya Dagahaley.

Katika zahanati ya kambi, muuguzi Rukiyo alisimama mbele ya friji.

"Walaal, ndugu yangu, hii barafu ni ya chanjo ya watoto."

"Nipe unayoweza kunipa. Tafadhali."

Rukiyo alimtazama, akatazama kioo cha gari kilichopasuka. Akampa nusu. Hakumwuliza jina.

Siku chache baada ya kufikisha damu Garissa, Diriye alimpigia Yurub kutoka kibanda cha simu cha Soko Mugdi.

"Damu imesema," Yurub alisema. "Ile chanjo haikingi kitu. Na mbuzi wenye mimba inawaharibia. Jarida limeikataa makala."

"Hongera, daktari."

"Nani atanipa hongera? Mhakiki hatajwi." Alicheka kidogo. "Na wewe? Unaitwa nani?"

Diriye alifungua kinywa. Nje, wanaume wa Soko Mugdi walikuwa wakisalimiana, wakiulizana habari za ngamia na za watoto.

"Mimi pia sitajwi, abaayo."

"Basi tuko wawili," alisema Yurub.

"Tuko wawili."

Akaweka simu, akavaa miwani yake ya Ray-Ban na kutoka. Alipita katikati ya soko, polepole, mikono mfukoni. Hakuna aliyemsalimia.