Kulwa Aliyeumwa na Punda

Kila asubuhi Zipora alichota maji, akakamua ng'ombe, kisha akaenda shule. Asubuhi hii alimbeba mdogo wake Kulwa mgongoni hadi zahanati ya Samuye, maana mtoto alikuwa na homa kali na mama yao alikuwa amejifungua juzi.

"Mwambie dresa asome kadi yake," mama alikuwa amemwagiza. "Kuna sindano ilimvimbisha koo mwaka jana, nusura tumpoteze. Iliandikwa."

Dresa Donatus, mhudumu wa zahanati, alikuwa akifunga kidonda cha mzee mmoja.

"Shikamoo, dresa."

"Marahaba. Wewe si unasoma? Itafute kadi yake kwenye kasha lile."

Zipora akajiona mkubwa. Akapekua, akakuta: Kulwa, wa kiume, Samuye. Yote matatu sawa! Akaichomoa kwa madaha. "Hii hapa!"

Donatus akaisoma. "Vizuri. Hakuna dawa iliyowahi kumdhuru." Akaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano.

Zipora akakumbuka ile sindano ya mwaka jana. Mama hakuwa mtu wa kubuni maneno. Foleni nzima ilikuwa ikimtazama, na aliona aibu, lakini alimpenda Kulwa kuliko aibu yake.

"Ngoja, dresa! Nimekosea. Nimechukua ya kwanza niliyoiona, nyingine sikuzitazama."

Donatus akaweka sindano chini. Wakapekua pamoja, wakakuta akina Kulwa wa Samuye wamejaa tele.

"Kila pacha wa kwanza huku ni Kulwa, na kijiji hiki kina mapacha wengi kuliko mbuzi!" mama mmoja kwenye foleni akacheka.

"Liweke jina pembeni kwanza," Donatus akasema. "Na Samuye pia. Hivyo wanavyo wote. Kulwa wenu ana nini ambacho wenzake hawana?"

Zipora akafikiri. "Aliumwa na punda begani! Mlimshona hapahapa."

Kadi yenye punda ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya Kulwa wa Samuye, na chini kabisa iliandikwa kwa wino mwekundu: asichomwe penisilini.

Donatus akaimwaga ile penisilini, akampa Kulwa vidonge vingine. Kesho yake homa ilishuka, mtoto akadai uji.

Zipora aliporudi kutoa habari, Donatus alimshika bega. "Jina la wengi halikuonyeshi mtu, mwanangu. Anza na kile walicho nacho wachache, halafu jina likuhakikishie. Lakini hata ujanja huo usingetusaidia kama ungenyamaza. Kulwa yu hai kwa sababu ulisema umekosea."