Kiko cha Haboba Teresina

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Viola alikuwa na kazi moja asiyoikosa. Alichukua kaa la moto jikoni, akaliweka juu ya tumbaku, akavuta mara mbili tatu mpaka moto ushike, kisha akampelekea bibi yake kiko. Ndivyo mama yake alivyofanya alipokuwa mtoto, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni vibaya.

Viola alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alifariki wakiwa ukimbizini Uganda, na tangu warudi mtaa wa Juba Na Bari, jijini Juba, alibaki na mtu mmoja tu duniani: bibi huyo, Haboba Teresina. Na mtu huyo mmoja alikuwa akiisha mbele ya macho yake. Tangu mvua zianze, kifua kilikuwa kimemlaza mara tatu. Alimeza dawa, akapata nafuu, lakini kabla ya wiki mbili kupita homa na makohozi ya kijani vilirudi.

"Haboba, labda ni moshi," Viola alithubutu kusema.

"Moshi iko nayeyusha makohozi. Wewe mtoto unajua nini? Leta moto!"

Mara ya nne Haboba alishindwa hata kutembea. Viola alimpandisha bodaboda, akakaa nyuma yake na kumkumbatia asianguke mpaka zahanati. Tabibu Lodu alimsikiliza kifua, akampima damu, na majibu yalipotoka akakunja uso.

"Mama, una mkamba sugu. Njia zako za hewa zimevimba muda mrefu. Halafu kingamwili zako, yaani askari wa mwili wanaopigana na vijidudu, ziko chini. Ndiyo maana leo unapona, kesho unaugua tena. Tumbaku inaweza kuzishusha. Bado unavuta?"

"Mimi iliacha zamani," Haboba alisema akihema. "Kalas, iliisha."

"Basi sijui kinachozishusha. Itabidi tutafute ugonjwa mwingine, na hali yako haiwezi kungoja."

Kumkanusha mkubwa mbele ya mgeni ni utovu wa adabu, na hilo Viola alilijua tangu utotoni. Lakini alimwona bibi akivuta pumzi kwa mabega, midomo imekuwa ya kijivu, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Nisamehe, Haboba," akalia. "Daktari, anavuta! Hata leo asubuhi. Mimi ndiye ninayemwashia."

Haboba alimtolea macho makali. Lodu hakumtazama bibi, alimtazama mtoto.

"Unamwashiaje?"

"Navuta kidogo mpaka moto ushike. Tangu nikiwa na miaka saba."

Tabibu akamweka chombo cha kusikilizia mgongoni. "Kohoa." Viola akakohoa kile kikohozi chake cha kila asubuhi, ambacho hakuwahi kukihesabu kuwa ugonjwa. Kisha Lodu akamvisha Haboba masikioni ncha za chombo kile. "Sikiliza mwenyewe, mama."

Haboba alisikiliza. Ndani ya kifua kile kidogo mlikuwa na mkoromo alioujua vizuri sana. Machozi yakamtoka.

"Hii ni kifua yangu," alisema. "Mimi ilimpa mtoto kifua yangu."

Akapekua nguo yake, akatoa kiko na kukiweka mezani. "Huyu atapona?"

"Atapona, akikaa mbali na moshi. Wewe hutapona kabisa, lakini ukiacha kweli, utaugua mara chache."

Haikuwa rahisi. Haboba aligombana na kila mtu mwezi mzima. Hata hivyo kiangazi kilifika na kupita bila homa, na kikohozi cha Viola kikaisha.

Asubuhi moja Viola alipokuwa akifunga viatu, Haboba alimwita.

"Siku ile mimi ilikasirika sana. Mimi iliona umenivunjia heshima. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi ilificha, wewe ukasema. Mkubwa akidanganya juu ya ugonjwa wake, mtoto aseme kweli. Hiyo ndiyo heshima." Akamsukuma kidogo begani. "Haya, kimbia. Utachelewa shule."