Fundi Aliyeufuata Uzi Dirishani

Cherehani ya fundi ililia tangu asubuhi. Fundi alikuwa mama mchangamfu, na chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa karakana yake. Mikono yake ilikuwa bado myepesi. Shingo ndiyo iliyogoma. Ilikuwa imekakamaa kama mti, na maumivu yaliteremka hadi mabegani. Siku hizi mishono ilimwendea upande. Anashona, anafumua, anashona tena.

"Nikiendelea hivi nitaacha kazi," alimwambia mumewe. "Na kazi nyingine siijui."

"Wewe hufanyi mazoezi," mumewe alisema. "Kesho alfajiri uamke ukimbie."

Wifi yake akaingilia. Walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima.

"Usimsikilize kaka yangu. Yeye mwenyewe akipanda ngazi anahema. Wewe kunywa maji, wifi. Na uache sukari."

Binti yake alisema alale mapema. Mteja mmoja alisema kosa ni la mto, autupe.

Fundi hakujua ashike lipi, aache lipi. Basi akashika yote. Alikimbia hadi kona, akarudi akichechemea. Alikunywa maji mpaka tumbo likawa ngoma. Alilala bila mto. Wiki haijaisha, shingo iko vilevile, na sasa miguu nayo inauma. Akaacha yote kwa mara moja.

"Labda mimi ni mvivu tu," aliwaza. Lakini mvivu gani anashona kutwa? Hapo akachanganyikiwa zaidi.

Jirani yake, nesi wa kituo cha afya, alileta sare yake ipunguzwe kiuno. Alimwona fundi akigeuka mwili mzima kumtazama.

"Shingo hiyo ina nini, fundi?"

Fundi akamweleza yote, mbio na mto.

"Mkono unakufa ganzi? Unaishiwa nguvu?"

"Hapana. Kukaza tu."

"Ukianza kufa ganzi, usibahatishe, njoo kituoni. Sasa niambie, ukikaa hapo asubuhi, unainuka saa ngapi?"

"Mchana, nikila."

"Unakula wapi?"

Fundi akaona haya. "Hapa hapa."

Nesi akacheka. "Shingo yako imechoka kuinama bila kupumzika. Ukianza mambo mengi siku moja, yote yatakushinda. Tuanze na dogo moja. Ni kitu gani kinakusimamisha kazi, utake usitake?"

"Bobini," alisema fundi, akimwonyesha kile kigurudumu cha uzi wa chini. "Uzi wake ukiisha, mashine haishoni."

"Basi bobini ikiisha, simama. Vuta mabega nyuma. Geuza shingo polepole, kulia na kushoto. Kunywa maji kidogo. Kisha kaa."

"Ndiyo hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Fundi alidhani anataniwa. Mbio zimeshindwa, kusimama kutaweza?

Nesi alipokuja kuchukua sare, shingo ilikuwa haijabadilika.

"Unasimama?"

"Nasimama. Nikikumbuka."

Nesi akatazama mezani. Kando ya mashine zilipangwa bobini zilizojaa uzi.

"Hizi kazijaza nani?"

"Mimi, kila asubuhi. Moja ikiisha, nachomeka nyingine bila hata kuinua kichwa." Fundi alisema hayo kwa fahari.

"Bila kuinua kichwa," nesi alirudia.

"Sasa dada, nipunguze kazi ili nipone? Nikipunguza, tutakula nini?"

"Hupunguzi. Zijaze kama kawaida, ila ziweke kule dirishani. Uifuate kila moja kwa miguu."

Siku za mwanzo zilikuwa vurugu. Fundi alifika dirishani akasahau alichofuata. Mara nyingine alirudi na bobini, akakaa, ndipo akakumbuka shingo. Akainuka tena.

"Wifi, umekuwa mlinzi wa dirisha?" Redio alimtania.

"Hata mimi sijielewi," alijibu fundi, akigeuza shingo.

Polepole mwili ukazoea. Uzi ukiisha, miguu inajiendea yenyewe. Mishono ikanyooka. Kufumua kukapungua, na kazi iliyomaliza siku nzima ikawa inaisha mapema. Jioni akaanza kutembea kidogo na binti yake.

"Sasa rudisha zile mbio," mumewe alisema.

"Baba watoto, acha kwanza matembezi yazoeleke. Hayo mengine yana siku yake."

Jioni moja mteja alileta mzigo wa mapazia mazito. Fundi aliupokea bila kusita, akaubeba hadi ndani. Binti yake alimtazama.

"Mama, shingo ilipona lini?"

Fundi alisimama na mapazia mkononi, akafikiri. Alijaribu kuikumbuka siku yenyewe. Hakuipata.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Mimi nilikuwa nafuata uzi."