Mzigo Uliopokelewa na Rahel

Majirani zangu wa Bigwa, nanyi wengine wote mnaotuma na kupokea mizigo, naomba mnisikilize. Jambo ninalowasimulia limetokea jirani kabisa na kwangu, na hadi leo nikilifikiria kichwa kinanizunguka.

Nyumba ya Laurenti na mkewe Catherine ilikuwa na amani. Laurenti anafanya kazi kiwandani Mzinga, Catherine ni fundi cherehani mwenye kibanda chake barabarani. Waliishi pamoja na Rahel, mdogo wake Laurenti, aliyeshuka kutoka Matombo mara tu baada ya harusi ya kaka yake. Mawifi hao walipendana kama waliozaliwa tumbo moja. Jioni ungewakuta uani, Rahel anamenya ndizi, Catherine ananyonyesha, wanachekea jambo ambalo ukiwauliza hawawezi kukueleza.

Mtoto wao, Glory, alizaliwa na mguu kifundo, ule mguu unaopinda kuelekea ndani. Hospitali walimfunga hogo, ile plasta ngumu, mara kadhaa mpaka mguu ukanyooka, kisha akapewa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma. Rahel ndiye aliyekuwa akimvalisha, huku akimwimbia ili asilie.

Glory akakua, viatu vikaanza kumbana na kumtoa malengelenge. Nesi wa kliniki akamwambia Catherine, "Mama, tafuta saizi inayofuata, na usichelewe. Mguu huu ukiachwa bila viatu unarudi ulikotoka."

Hapa Morogoro saizi hiyo haikupatikana wakati huo. Kaka yake Catherine, Godfrey, aliipata Dar es Salaam, akaikabidhi kwa kampuni moja ya kusafirisha vifurushi. Jina lake silitaji, maana sikuja kuchafua jina la mtu. Waliahidi kuufikisha mzigo mlangoni kesho yake. Godfrey akaandikisha namba mbili, ya Catherine na ya Rahel.

Kesho ikaja, mzigo haukuja. Catherine akapiga simu. Wa kwanza kupokea akamwambia uko njiani. Wa pili akamwambia umeshafika stendi ya Msamvu, hapa hapa mjini. Wa tatu akamwambia gari limeharibika, halijavuka hata Chalinze. Catherine akaniuliza, "Mama Tomasi, mzigo mmoja unawezaje kuwa Msamvu na wakati huohuo haujavuka Chalinze?" Mimi ningejua wapi?

Siku iliyofuata, mvua ya masika ikinyesha kweli kweli, meseji ikaingia kwenye simu ya Catherine: "Mpendwa mteja, mzigo wako umepokelewa na RAHEL. Asante kwa kutuamini."

Catherine akafurahi. Akafunga kibanda, akakimbia nyumbani na mvua yake.

"Wifi, viko wapi? Lete tumjaribishe!"

"Nini, wifi?"

"Viatu vya Glory. Si umevipokea?"

"Mimi? Sijapokea kitu."

Catherine akamwonyesha simu. Rahel akaisoma, akairudia tena. "Hili ni jina langu," akasema polepole. "Asubuhi kuna kaka alinipigia, anasema simu yako haipatikani. Akaniuliza mimi nani, nikamwambia Rahel, wifi yake. Akasema anakuja. Hajaja mpaka sasa, na nikimpigia hapatikani."

"Mbona hukuniambia kama amepiga?"

"Nilijua utauona mzigo wenyewe ukifika."

Ndugu zangu, jibu lilikuwa hilo, jepesi na la kweli. Lakini Catherine alikuwa ameshika meseji mkononi. Akapiga simu huduma kwa wateja. Dada mwenye sauti nzuri akamjibu, "Mama, mfumo unaonyesha mzigo umepokelewa na Rahel. Mfumo ukishaonyesha hivyo, kwetu suala limefungwa." Catherine akaomba aongee na dereva. Akaambiwa asubiri, ukapigwa muziki, simu ikakatika.

Laurenti aliporudi kutoka kazini aliwakuta wanawake hao wamekaa mbalimbali, kila mmoja na ukuta wake. Akasikiliza huku, akasikiliza kule. Naye akapiga simu, akajibiwa vilevile. Akamwita dada yake.

"Rahel, labda uliupokea ukausahau mahali. Kama umepotea, sema. Hatutakugombeza."

"Kaka, sikuupokea."

"Sasa jina lako limefikaje huko?"

"Nimeshaeleza. Aliniuliza, nikamtajia."

Laurenti akakuna kichwa. Alikuwa mtu aliyechanganyikiwa kabisa. Dada yake hajawahi kumdanganya, lakini kampuni nayo ingemdanganyia nini? Asubuhi ikaja meseji nyingine ikiwaomba waipe huduma ile nyota.

Subirini kidogo niwaulize. Viatu vya mtoto mwenye mguu kifundo, vyenye chuma katikati, Rahel angevifanyia nini? Amvalishe nani? Swali hilo hakuna aliyeliuliza mle ndani. Kila mtu alikuwa anauliza kwa nini jina liliandikwa.

Siku zikapita. Walitafuta uvunguni, jikoni, bandani kwa kuku. Mwishowe Catherine akalitoa begi la Rahel hadi uani, akalifungua mbele yetu majirani, akakung'uta nguo moja moja. Hakikutoka kiatu. Mtu mwenye akili iliyotulia angesema, basi, huyu hana kosa. Catherine akasema, "Unaona? Ameshavipeleka Matombo."

Rahel aliokota nguo zake kwenye tope. Hakupiga kelele. Alimgeukia kaka yake aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwambia, "Kaka, meseji hiyo mmeijua juzi. Mimi mnanijua tangu lini?"

Rahel akabeba begi lake, akaenda kupanda gari la Matombo.

Kuanzia hapo Catherine akawa hana wa kumwachia mtoto. Alikwenda naye kibandani, alikwenda naye kwenye ofisi ya mizigo Msamvu. Msamvu wakamtuma kwa wakala wa mjini, wakala akamwambia hayo ni ya Dar es Salaam, Dar es Salaam wakamwambia aulize Msamvu. Viatu vya zamani havikuingia tena. Godfrey alipopata vingine kwa shida, nesi alimkagua Glory, akatikisa kichwa.

"Mguu umeanza kurudi ndani, mama. Viatu havitafaa sasa. Tunaanza hogo upya."

Catherine alilia pale kliniki mpaka akashikwa mkono.

Mimi siku moja nikaenda kusuka nywele kwa Sabra, mtaa wa nyuma tu. Akanisogezea boksi niwekee miguu. Lilikuwa limelowa na kukauka, maandishi yamechujuka, namba za simu hazisomeki. Nikainama. Jina lilikuwa bado linaonekana: Catherine.

"Sabra, boksi hili la nani?"

"Yaani hilo limenichosha, Mama Tomasi! Kijana wa bodaboda aliliacha siku ya mvua kubwa. Alisema mwenyewe anaitwa Catherine, atapita kulichukua. Kila mteja namuuliza, hakuna anayemjua Catherine mtaa huu."

"Si Mama Glory huyo!"

Sabra akaacha kusuka, kitana kikabaki hewani. "Mama Glory anaitwa Catherine?"

Nilitoka na boksi lile nikiwa nimesukwa upande mmoja, moja kwa moja hadi kwa Catherine. Catherine alilipasua boksi kwa mkasi wake wa cherehani. Viatu vilikuwamo, vipya, chuma chake kinang'aa. Glory alikuwa kakaa mkekani na hogo lake. Catherine alivitazama tu, kama mtu anayesoma lugha asiyoijua.

Laurenti alimtafuta yule kijana wa bodaboda mpaka akampata. Kijana hakubisha. "Mvua ilinizidi, kaka. Na mzigo usipoonekana umefika hadi jioni, bosi ananitoa kazini. Nikaandika jina la yule dada niliyeongea naye. Nilijua wenyewe mtaupata tu." Alishasahau hata mtaa wenyewe.

Jumapili mume na mke wakapanda Matombo. Mama yake Laurenti aliwapokea, akaitikia shikamoo zao kwa sauti ya chini. Rahel alikuja akitokea shambani, akamchukua Glory, akaona hogo. Hapo ndipo alipolia. Walipiga magoti wote wawili, Laurenti ndiye aliyeanza.

"Inuka, kaka. Nimewasamehe," Rahel akasema. "Wifi, inuka na wewe."

"Basi turudi nyumbani," Catherine akamsihi. "Glory anakutafuta."

Rahel akambusu mtoto kichwani, akamrudisha mikononi mwa mama yake.

"Nitakuja kumwona. Kuishi pale, hapana. Siku nyingine simu itasema tena jambo, na mimi sitakuwa na cha kujitetea zaidi ya mdomo wangu."

Wakashuka watatu kama walivyopanda. Mguu wa Glory, tunamshukuru Mungu, unaendelea kunyooka. Chumba cha Rahel kimewekwa cherehani.

FUNZO

Enyi mnaosafirisha mizigo ya watu, boksi kwenu ni boksi, lakini hamjui limebeba nini. Ukiandika "umepokelewa" wakati hujaufikisha, umedanganya, na uongo huo unakwenda kukaa katika nyumba usiyoijua. Kama mvua imekuzuia, sema mvua imenizuia. Mteja atakasirika, lakini nyumba yake itabaki salama.

Nasi tunaopokea, tujifunze kumuuliza aliyeleta mzigo ameuacha wapi na amemkabidhi nani uso kwa uso, kabla ya kunyoosheana vidole. Na tujuane kwa majina. Ni aibu boksi la jirani kugeuzwa stuli mtaa wa pili kwa sababu tunamjua kama mama wa fulani tu.

Zaidi ya yote, nawasihi wenye familia. Meseji ya simu imeandikwa na mtu, na mtu huyo hakujui wala hakupendi. Aliye mbele yako, aliyekubebea mwanao mgongoni, akikwambia "sikupokea", anza kwa kumwamini.